Mwaka wa Kuosha Mizizi

Siku tuliyomzika Ndugu Gervas, kaburi liligoma. Hilo ndilo neno walilotumia vijana wachimbaji, na mimi sijapata lingine linalofaa zaidi. Jeneza lilishaletwa kutoka kanisani, kwaya ilishaimba mpaka sauti zimekauka, padri alishaitazama saa yake mara kadhaa akijifanya anarekebisha mkono wa kanzu, na kule nyuma ya nyumba, kwenye shamba lake kubwa la nje kidogo ya mji wa Karatu, wachimbaji walikuwa wamezama mpaka magotini tu. Majembe yalikuwa yanadunda. Mmoja wao akatoka shimoni, akapita katikati ya wafiwa huku jasho linamtiririka kwenye baridi ile, akauliza kama kuna mwenye mtaimbo. Mtaimbo! Kwenye shamba la bwana shamba! Wakubwa waliokaa chini ya turubai wakatazamana kama vile mtoto ametukana mbele ya wageni. Kijana wa bodaboda akatumwa mbio kwa mafundi wanaojenga lodge upande wa pili wa barabara. Mimi niliangalia miguu yangu nikabana midomo, maana nilikijua hicho kitu kilichowakatalia kule chini. Zamani tulikipa jina. Tulikiita sakafu.

Basi tukakaa kusubiri mtaimbo, na kwa kuwa sisi hatuwezi kunyamaza mahali penye kipaza sauti, hotuba zikaanza. Akasimama huyu, akasimama yule. Nikaambiwa marehemu alikuwa mwalimu wa wakulima wa wilaya nzima. Nikaambiwa aliupenda udongo. Nikaambiwa hata alipokuwa mkubwa Arusha, ana gari na dereva, hakulisahau jembe, na hilo nakubali, maana utasahauje kitu ambacho hujawahi kukishika? Mwisho akasimama mstaafu mwenzake, mzee mwenye suti iliyomzidi, akakohoa, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Ndugu zangu, tukubali tusikubali, Gervas alikuwa mtu mwenye mizizi." Loo! Hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Nilikiwahi kwa khanga, nikainama, mabega yakaanza kutikisika, na mama mmoja wa jumuiya akanipapasa mgongo akisema pole mama, mwachie Mungu. Mkono mwingine ukanishika bega kwa nyuma, mkono mgumu, na sauti ya chini ikasema, "Fausta. Meza hicho kicheko, usituaibishe." Sikuhitaji kugeuka. Ni sauti niliyolala nayo chumba kimoja mwaka mzima, na uzee haukuwa umeilainisha hata kidogo. Theresia amekuja.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni, sabuni ikitajwa kwa kunong'ona na sukari ikifichwa chini ya kitanda. Habari za kwetu naziacha, hazimsaidii mtu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, nikapata kibarua kwenye kituo kidogo cha majaribio ya maharage kilichokuwa juu ya Karatu, upande wa msitu wa Ngorongoro, katika nyumba za mlowezi mmoja aliyekwisha ondoka. Leo hakipo, msikitafute. Mimi na Theresia tulipewa chumba ambacho mlowezi alikuwa akiwekea matandiko ya farasi, na mpaka natoka pale nguo zangu zilinuka ngozi. Ukuta kati yetu na ofisi ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zimepinda, kwa hiyo tulijua kila alipokohoa Ndugu Gervas, kila aliposinzia, na kila alipojisomea kwa sauti hotuba ambazo hakuna aliyemwomba. Yeye alikuwa mkuu wa kituo. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu, waziri ndugu, mfagizi ndugu, lakini yeye aliona undugu mtupu haumtoshi. Alitaka aitwe Ndugu Mkuu. Tulimwita hivyo tukiwa mbele yake, na nyuma yake tulimwita vitu ambavyo siwezi kuviandika kwenye kitabu kitakachosomwa na wajukuu.

Theresia ndiye aliyekuwa akifanya kazi. Alikuwa na stashahada ya kilimo, mikono ya mwanamume, na hana subira na mtu yeyote. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza hata nimelalaje. Alinipeleka shambani, akanionyesha mashina ya maharage yaliyochanua vizuri, akasema, "Unaonaje?" Nikasema yamependeza. "Ndivyo wanavyosema wote," akasema, kisha akachimba pembeni kwa chepe, taratibu, akalitoa shina zima na bonge lake la udongo, akaliloweka kwenye pipa. Udongo ulipolegea akanipa karai la maji niuoshe mzizi. Nikaosha. Mzizi ulishuka kidogo tu kutoka shinani, kisha ukakata kona kama mtu aliyefika mlangoni akakuta mbwa, ukatambaa pembeni. "Umeiona sakafu?" Theresia akaniuliza. Akanieleza kwamba matrekta ya ngano yamepita juu ya udongo huu miaka na miaka, plau ikikata kina kile kile, mvua nayo ikiondoa udongo laini wa juu kila masika, mpaka chini kumejengeka tabaka gumu. Mvua ikinyesha, maji yanasimama juu yake. Jua likiwaka wiki moja, yamekwisha, na maharage yanakufa yakiwa na maua. Udongo wa babu zetu haupo tena, alisema, na mbegu za babu zetu bado zinadhani upo.

Kazi yetu basi ilikuwa kutafuta mharage ambao hautakata kona. Theresia alikuwa amechavusha maharage ya huku kwetu na mengine aliyoyapata huko alikosomea, misimu kadhaa mfululizo, na kila kizazi alikipanda mistari miwili miwili. Mstari mmoja wa kuchimba, mmoja wa kuachiwa mbegu, kwa sababu shina ukishalichimba umeliua. Niliosha mizizi mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyekufa maji. Tulianika kwenye waya ghalani, tunapima kwa rula, tunachagua. Waya mzima ulikuwa wa wakata kona, isipokuwa kizazi kimoja. Hicho mzizi wake ulikuwa unatafuta ufa kwenye sakafu, unajibana, unapenya, na ukishapenya unanyooka kwenda chini kwenye unyevu kama hakuna kilichotokea. Theresia hakuwa mtu wa kucheka, lakini siku tulipoutoa mzizi huo wa kwanza mzima aliuweka begani kama kamba akazunguka nao uwanja mzima. Kizazi kilikuwa na namba, ila yeye akakiita Shuka. Ndugu Gervas alikuja akautazama, akauliza kwa nini majani yake ni membamba hivyo. Mkubwa akija, alisema, atataka kuona majani.

Sasa, yeyote anayejua Kiswahili ameshaona tatizo letu. Wasichana wawili kwenye ghala la mlowezi, wanachimba mizizi, wanaosha mizizi, wanaanika mizizi. Habari zikaenea mpaka sokoni kwamba huko juu kuna watu wa mizizi, na wana idhini ya serikali! Watu wakaanza kuja. Akaja mwanamke anataka mzizi wa kumrudisha mume aliyehamia kwa mwuza vitunguu wa Mang'ola. Akaja fundi cherehani anayerogwa na jirani. Akaja mzee mmoja kutoka Kansay, amevaa koti zito, jogoo kwapani, akatusalimu "Saita" kwa adabu kabisa, akasema ana kesi ya mpaka wa shamba na anaomba mzizi wa kumfunga mdomo mdai wake. Theresia alikuwa anaanza kumweleza kwa Kiiraqw, kwa upole usio wa kawaida yake, Ndugu Gervas akatoka ofisini. Ebo! Hotuba aliyomwaga siku hiyo. Alimwambia yule mzee kwamba taifa linajengwa kwa sayansi. Alimwambia watu kama yeye ndio wanaoturudisha nyuma. "Mzee mzima, mvi zote hizo, unakwenda kwa waganga?" Mzee akatazama chini, akaomba radhi, akaondoka. Jogoo alibaki. Ndugu Mkuu alisema ni ushahidi, na jioni ushahidi ukaingia chunguni. Mimi na Theresia tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na maharage ya wakata kona, huku harufu ya mchuzi wa kuku ikitujia kupitia kwenye mbao.

Mambo ya Shuka hayakuwa mepesi. Mbegu ya akiba aliyoiweka Theresia kwenye debe ilibunguliwa na fukusi, kwa sababu dawa ya kuhifadhi ilikuwa haipatikani popote. Ndugu Mkuu alikuwa nayo kidogo, akaipaka kwenye mahindi yake. Kwa hiyo masika yale Shuka yote duniani ilikuwa ardhini, na tulipomaliza kuchimba mstari wa vipimo ukabaki ule mmoja wa mbegu, mfupi, chini ya miti ya mlowezi karibu na msitu. Ukikauka salama tuna mbegu, usipokauka hatuna. Theresia alikuwa ameshatoa ahadi pia. Tulikwenda naye Kansay kwa miguu, akanipeleka kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Safari, ambaye shamba lake lilikuwa mteremkoni, jekundu, limepasuka. Mama Safari aling'oa shina la maharage kwa vidole viwili tu, kama mtu anayetoa unyasi kwenye nywele za mtoto, akatuonyesha mzizi uliokata kona. "Kila mwaka yanachanua," akasema, "kila mwaka nafurahi kama mjinga." Theresia akamwambia, "Mama, mwakani nitakuletea mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Alimwonyesha na mkono.

Kuanzia siku hiyo tuliulinda ule mstari. Adui tuliyemjua alikuwa nyani. Walikuwa wakishuka kutoka msituni ukungu ukianza kuinuka, wanakaa ukingoni mwa shamba wanajikuna, wanahesabu nani yuko na nani hayuko. Tulikaa zamu na debe na fimbo. Mchana Theresia alikula shambani, sahani magotini, na Mama Bura, mpishi wetu, mjane mwenye moyo mzuri na masikio makubwa, alimletea chai ya majani ya mchaichai kwa kuwa sukari na majani ya chai vilikuwa hadithi. Maganda yakajaa. Yalikuwa mabichi bado, laini ukiyabonyeza, lakini yalikuwa yameanza kuinama. Wiki mbili tatu tu, alikuwa akisema. Wiki mbili tatu za jua.

Katikati ya hapo ikaja habari kwamba mkubwa kutoka makao makuu atazuru vituo, na kwamba Arusha kuna kiti kikubwa kimebaki wazi. Maskini Ndugu Gervas! Homa ya kile kiti ilimkamata vibaya. Alikuwa hali, akila hashibi, kupitia kwenye mbao tulimsikia akitembea huku na huku na kujiuliza maswali na kujijibu. Akanunua kofia. Akaamuru mawe ya kando ya njia yapakwe chokaa, mimi nikapaka. Akaanza kushuka sokoni mara kwa mara, mtu ambaye hata chumvi alikuwa akiagiza, na siku moja mchana akaja mgeni, mwanamume mwenye koti la suti na ndala, amebeba begi dogo la ngozi, akakaa ofisini mlango umefungwa. Sisi tulikuwa shambani na debe letu. Ni Mama Bura aliyewapelekea chai, na sukari, kumbe sukari ilikuwepo! Alituambia jioni kwamba ni bwana wa bima. Ndivyo alivyoambiwa, na sisi hatukuwa na sababu ya kutoamini.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, ule wa Juni, unaoshuka kutoka juu ya kreta na kukulowesha nywele kama mvua. Tulikwenda shambani na Theresia, yeye mbele. Aliposimama ghafla nikamgonga mgongoni. Mstari haukuwepo. Mashina yote yalikuwa yamelazwa chini, vichwa upande mmoja, maganda mabichi bado yameshikilia, na palipokuwa na mzizi kulikuwa na shimo. "Nyani," Theresia akasema. "Nyani, Fausta, nyani wameingia." Nikachukua shina moja. Lilikuwa limekatwa pale shina linapokutana na mzizi, mkato mmoja, safi. Nikamwambia, "Theresia, nyani hana kisu." Na wala hapangi vitu vikalala upande mmoja. Tena nyani angalau anakula. Pale hakuna kilicholiwa, hata ganda moja.

Tulirudi mbio mpaka jikoni, sijui kwa nini jikoni, pengine kwa sababu ndiko kulikokuwa na mtu wa kumwambia. Mama Bura alikuwa amepiga goti mbele ya mafiga anachochea. Juu ya moto kulikuwa na sufuria kubwa, na harufu iliyokuwa inatoka ilikuwa ya udongo mbichi, harufu ya karai langu. "Dawa ya mgongo ya Ndugu Mkuu," akasema, "amesema awamu ya pili ichemke zaidi." Theresia akafunua. Ndani ilikuwa imejikunja mizizi mirefu, myeupe, iliyonyooka mpaka ikabidi izungushwe ili iingie. Aliitambua kama mama anavyotambua nguo ya mwanawe kwenye kamba ya jirani. Mama Bura alimtazama usoni, akauacha mwiko, na maneno yakaanza kumtoka mfululizo. Yule bwana wa bima, alisema, jana alikuwa anamwambia Ndugu Mkuu kwamba mtu anayetaka kiti na kukaa juu yake asitikisike aoge maji ya mzizi uliopita pagumu. Mzizi ambao haukurudi nyuma. Yeye Mama Bura alidhani wanaongea habari za miti ya porini. Na Ndugu Mkuu akasema, naujua uliko.

Ndugu Gervas alitoka bafuni wakati huo huo, taulo begani, bukta ya kaki, kofia mpya kichwani tayari. Alituona tumesimama uani, akataka kupita. Theresia akamzibia njia. "Ndugu Mkuu, Shuka iko wapi?" Akajibu haraka, kama aliyekuwa amelitayarisha, "Shuka gani? Muulize dobi." Na akacheka peke yake. Akaendelea kusema kwamba msimu huu nyani ni wengi, kwamba alikwisha waonya wasichana mara nyingi juu ya uzembe. Theresia akanyoosha mkono, akamtoa kiuzi cha mzizi kilichokuwa kimegandia nyuma ya sikio. Akakiinua mbele ya macho yake. "Na hawa nyani," akasema, "siku hizi wanaoga?" Nilimwona Ndugu Mkuu akikosa uso. Kofia ilikuwepo, taulo lilikuwepo, uso haukuwepo. Akaangalia jikoni, akaangalia ofisini, kisha akabadilika, akawa anaongea kwa kubembeleza. Dada Theresia, elewa. Wenzangu wote wanaogombea kile kiti wameshajikinga, unataka mimi niende mikono mitupu? Nina watoto wanasoma. Mharage ni mharage, utachavusha mwingine. "Misimu yote hiyo," Theresia akasema. "Misimu yote tunaosha mizizi usiku na mchana, kumbe tunakutafutia wa kuoga." Na yeye, bila haya, akamjibu, "Si wewe mwenyewe uliyesema huo ndio unaoshuka kuliko yote? Nilikuamini!"

Nimekutana na watu wengi wabaya tangu hapo, wezi, waongo, hata muuaji mmoja, na wote nimeweza kuwapatia sababu. Huyu sijampatia. Yule mzee wa Kansay aliamini mizizi na akaja na jogoo wake mchana kweupe, akasema anachotaka. Huyu aliamini hivyo hivyo, ila aliamini kwa rula yetu. Vipimo vyote vya Theresia, jasho lake lote, vilimfikia, akavisoma vizuri kabisa, akavielewa, akavitumia kuchagua dawa iliyo kali zaidi. Tena hata nafasi ya kuchukua mizizi iliyoanikwa ghalani alikuwa nayo, ya mashina tuliyokwisha chimba! Nilimuuliza Mama Bura kwa nini hakuchukua hiyo. Akaniambia mganga alisema lazima uwe mbichi. Mganga hajigangi, wanasema. Bwana shamba naye hajilimii, nasema mimi.

Mkubwa akaja. Alitembezwa kwenye njia ya mawe ya chokaa, akaonyeshwa mharage wenye majani mapana kuliko yote, mkata kona hodari, akausifu. Ghalani alitazama mizizi kwenye waya akauliza kama ni ya kuuza. Alikula, akapewa debe la asali, akaondoka. Na, usiniulize ilikuwaje, Ndugu Gervas alipata kile kiti. Alikikalia miaka na miaka, na hakutikisika. Watu wa Karatu waliosikia habari ya maji walisema basi dawa ni ya kweli, na mimi nawajibu tu kwamba nchi ile wakati ule kiti hakikuhitaji mzizi, kilihitaji kofia. Jambo lake la kwanza alipofika Arusha lilikuwa kukifunga kituo chetu, kwa kukosa matokeo.

Kabla hatujafukuzwa, Theresia aliyafunga yale mashina mafungu mafungu, akayaning'iniza juu ya mafiga ya Mama Bura mbegu zikaukie ndani ya maganda. Yalikauka. Tulipoyapukuchua, mbegu zilikuwa zimesinyaa, nyepesi, ukizipuliza zinatembea mezani. Alizipanda zote kwenye makopo, akayapanga dirishani mwa chumba chetu, akawa anaamka kuyatazama kabla ya kunawa uso. Zilioza. Ndipo akasema lazima aende Kansay, kwa kuwa aliahidi kwa mkono. Nilimsindikiza. Alimweleza Mama Safari kila kitu, hakuficha, mstari, kisu, sufuria, taulo. Mama Safari alisikiliza mikono ikiwa kiunoni, akaguna, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Mwanangu," akasema, "kama mtu mkubwa vile ameoga nayo, basi ni dawa kweli. Hamkubakiza hata kidogo?" Theresia, ambaye hakulia uani, hakulia shambani, alikaa chini kwenye tuta la yule mama akalia mpaka kamasi.

Hatukuonana tena sana baada ya hapo. Alikwenda kufundisha shule ya msingi huko Mbulu, akastaafu huko huko. Kwenye mazishi nilimuuliza kwa kunong'ona amekuja kufanya nini, mtu mwenyewe hakuwa ndugu yake wala rafiki. Akasema, "Nimekuja kuona kama kweli." Mtaimbo ulikuwa umefika. Tulisikia ukigonga, ngo, ngo, ngo, na kila ukigonga mstaafu mwenye suti alikuwa anafumba macho. Theresia akainuka bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda mpaka ukingoni mwa shimo, mimi nikamfuata. Vijana walikuwa wamepasua sakafu, wanatoa mabonge kwa mikono. Kwenye ukuta wa kaburi ungeweza kuona kila kitu, udongo wa juu mwekundu, kisha lile tabaka, limekatika kama tofali. Mizizi ya maharage ya marehemu ya mwaka huo ilikuwa imening'inia juu ya tabaka, yote imekata kona. Theresia aliinama akaitazama muda mrefu. Akaligusa tabaka kwa kidole. "Unene ule ule," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kazi, ile ya ghalani.

Wakamshusha kwa kamba. Padri akasema mavumbini ulitoka na mavumbini utarudi, watu wakaanza kupita na kurusha udongo, kila mmoja konzi yake, na kwa kuwa Theresia alikuwa ametajwa kuwa mfanyakazi mwenzake wa zamani, akaitwa naye. Alipita kwenye lile fungu la udongo laini waliokuwa wanachota wote, akaenda kwenye lundo la pili, akaokota bonge la sakafu, akalikamata kwa viganja viwili akajaribu kulimegua ili alirushe kama wenzake. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikumeguka. Akaliachia likaenda zima zima, likagonga jeneza, ngo! Wanawake wakashtuka, mtoto mmoja akaanza kulia, padri akainua macho. Theresia akajifuta viganja kwenye gauni lake la msiba, akamgeukia mjane wa marehemu.

"Samahani, mama," akasema. "Udongo wa hapa haumeguki."